Kafi la Tsuken Lina Mwenyewe

Nina kafi lisilojua maji. Fundi wa ngalawa aliyenichongea Bagamoyo alilitilia shaka tangu nilipompa vipimo: urefu wa sentimita 160, bapa refu na jembamba, upande mmoja wa bapa uwe na mgongo katikati kama paa la nyumba, upande wa pili utune kidogo, ncha ichongoke. Aliniuliza, "Mwanangu, chombo chenyewe kiko wapi?" Nikamwambia sina chombo, mzee wangu. Akalichonga hivyo hivyo, na akalichonga vizuri.

Nalipeleka ufukweni maji yakikupwa, kwa ajili ya kata moja tu. Kwa wasiozoea mambo ya karate, kata ni mfululizo wa mapigo, kinga na hatua uliopangwa zamani. Mtu huucheza peke yake mbele ya adui asiyeonekana, na hana ruhusa ya kuubadilisha apendavyo. Hii ninayoicheza inatoka Okinawa, na wenyewe huiita kwa lugha yao Chikin Akachu nu eeku dii, yaani ufundi wa kafi wa Akachu wa Chikin. Chikin ndiyo Tsuken, kisiwa kisichofika kilomita 2 za mraba katika ghuba ya Nakagusuku, mashariki mwa Okinawa, ambacho siku hizi kinasifika zaidi kwa karoti zake. Akachu maana yake ni mtu mwekundu. Nimeliandika jina lote kwa makusudi, maana ugomvi wangu wote uko hapo kwenye jina.

Hadithi inayosimuliwa karibu kila panapofundishwa silaha za Okinawa haina jina la mtu hata mmoja. Mimi nilisimuliwa siku ya kwanza, nikiwa na miaka kumi na minne, tumekaa kwenye sakafu ya saruji na jasho halijakauka. Zamani, mwalimu alisema, Wajapani waliivamia Okinawa wakapiga marufuku silaha zote. Wakulima wakabaki mikono mitupu. Ndipo usiku, kwa siri, wakajifunza kupigana kwa vile walivyokuwa navyo: mundu wa kuvunia, mpini wa kuzungushia jiwe la kusagia, vijiti viwili vya kupuria nafaka, kafi la mvuvi. Na kwa zana hizo wakawakabili samurai wenye panga na kuwashinda.

Ni hadithi tamu. Mnyonge anashinda, mwenye nguvu anaaibika, na kitu kilichokuwa kikilima shamba kinaleta uhuru. Niliiamini miaka mingi, na nilipopewa darasa la watoto niliwasimulia vile vile nilivyosimuliwa. Leo nasema isisimuliwe tena. Tatizo lake halipo katika tarehe mbili tatu zilizokosewa. Inamnyang'anya mtu kilicho chake huku ikijifanya inamsifu.

Tuanze na hiyo marufuku, kwa kuwa ndiyo nguzo ya nyumba nzima. Okinawa haikuwa pori la wakulima lililokuwa likimngoja mvamizi. Ilikuwa kitovu cha ufalme wa Ryukyu, ulioungana mwaka 1429, mji mkuu wake Shuri na bandari yake Naha. Merikebu zake zilikwenda China, Korea, Siam na Malaka, na ulikuwa na mabalozi, makarani, mahakimu na askari. Mfalme Sho Shin aliutawala kuanzia 1477 hadi 1526. Mwaka 1509 yakachongwa maandishi kwenye vizuizi vya mawe vya kasri la Shuri kuorodhesha mafanikio ya enzi yake, na moja ya mafanikio hayo linahusu panga, pinde na mishale. Mwanazuoni Iha Fuyu, aliyeishi 1876 hadi 1947 na anayeheshimiwa kama baba wa taaluma ya Okinawa, alilisoma fungu hilo kwamba mfalme alizifuta silaha. Usomaji wake ukapendwa. Uliwapa watu wake, katika zama ngumu, heshima ya kuwa taifa la amani.

Ila maandishi yenyewe yanasema silaha zinakusanywa ziwe zana za kuilinda nchi. Hiyo inaitwa ghala la silaha. Mwanahistoria Takara Kurayoshi amelisoma hivyo, na ukitazama matendo ya ufalme wenyewe huwezi kulisoma vingine. Mwaka 1500 Sho Shin huyo huyo alipeleka askari wapatao 3,000 kwenye visiwa vya Yaeyama kumzima kiongozi aliyekuwa amekataa kutii, Oyake Akahachi. Unaweza kusema hilo lilikuwa kabla ya maandishi. Haya, mwaka 1537 Shuri ilipeleka jeshi Amami, upande wa kaskazini. Mwaka 1571 ikapeleka tena. Kati ya safari hizo mbili, mwaka 1554, ikajenga ngome ya Yarazamori kwenye mlango wa bandari ya Naha. Nchi iliyotupa silaha zake mwaka 1509 ilizitoa wapi za kufanyia yote haya?

Marufuku ya pili huhusishwa na uvamizi wa 1609. Huo ulitokea kweli. Satsuma, himaya ya kusini mwa Japani, ilipeleka watu wapatao 3,000 katika vyombo vipatavyo 100. Wasimuliaji wa hadithi tamu hupita haraka hapa, lakini mimi nataka tukae kidogo. Vyombo vilivyojaribu kuingia Naha vilipigwa mizinga kutoka ngomeni vikarudi nyuma. Nguvu kubwa ya Satsuma ikapita njia nyingine: ikashuka kaskazini, ikauteka Nakijin, ikateremka kwa nchi kavu hadi Shuri. Walikuwa askari waliokomaa katika vita virefu vya Japani, wenye bunduki nyingi na mazoea ya kuua. Ryukyu ilishindwa kijeshi na ilikuwa na silaha mikononi. Mfalme Sho Nei alichukuliwa hadi Japani, akarudishwa mwaka 1611 akiwa chini ya kiapo cha utii.

Baada ya hapo Satsuma ilidhibiti silaha, sawa. Agizo la 1613 lilizuia bunduki. Agizo hilo hilo liliwaachia wana wa mfalme na watu wa tabaka la juu silaha zao binafsi. Kilichopotea polepole ni desturi ya kutembea na upanga kiunoni. Ofisa wa Shuri alikwenda kazini na nguo zake rasmi, kofia ya cheo na pini ya nywele inayoonyesha daraja lake, bila upanga. Mgeni aliyemwona barabarani aliona mtu asiye na silaha.

Na mgeni alikuja. Mwaka 1816 nahodha Mwingereza Basil Hall alitia nanga Naha, akakaa wiki kama sita akikaribishwa kwa ukarimu mkubwa. Hakuona silaha. Mwaka uliofuata, njiani kurudi kwao, alipita kisiwa cha St Helena akaonana na Napoleon, mfungwa wa Waingereza, akamsimulia habari za nchi isiyo na silaha. Napoleon, mtu aliyeimaliza Ulaya kwa vita, alistaajabu asitake kuamini. Kisa hicho kikasafiri, na Ulaya ikakipenda kisa cha watu wema wa mbali wasiojua vita. Alipofika nahodha mwingine, Frederick Beechey, mwaka 1827, alitilia shaka habari hizo na kuandika hivyo, lakini shaka haina mvuto wa kisa. Tangu hapo tumerithi picha iliyochorwa na mtu aliyekuwa mgeni wa wiki sita, anayetembezwa na maofisa wenye kila sababu ya kumwonyesha walichotaka akione.

Tuseme basi, kwa ajili ya hoja tu, kwamba wakulima walibaki mikono mitupu. Je, hao samurai wa kupigana nao walikuwa wapi? Satsuma haikuijaza Okinawa askari. Iliweka ofisi ndogo Naha na kutawala kupitia serikali ya Shuri iliyobaki mahali pake, kwa sababu ilitaka biashara ya China, na China ilifanya biashara na Ryukyu kwa kuwa iliitambua kuwa ufalme. Ndiyo maana wajumbe wa China walipokuja kumtawaza mfalme mpya, watu wa Satsuma waliondolewa machoni pao, wakahamia kijiji cha Gusukuma huko Urasoe hadi wageni waondoke. Fikiria: mtawala anayejificha kijijini kwa miezi ili ionekane hayupo. Mkulima wa Kunigami au mvuvi wa Tsuken angeweza kuishi hadi uzeeni asimwone samurai hata mmoja. Aliyekuja kumdai kodi, kumhukumu na kumfunga alikuwa Mryukyu mwenzake kutoka Shuri. Hadithi tamu inamsahau kabisa huyo, kwa kuwa ndani yake wabaya wote ni wageni.

Sasa tuzitazame silaha zenyewe, kwa sababu kitu ukikishika mkononi hukuambia mengi. Chukua sai. Ni chuma cha duara, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, chenye pembe mbili zilizochomoza karibu na mpini. Watu huambiwa ilikuwa zana ya kuchimbia mashimo ya mbegu. Mimi nimelima kwa jembe la mkono kwenye shamba la bibi yangu, na nasema hivi: hakuna mkulima atakayechimba na kitu hiki. Pembe zinakwama kwenye udongo, ncha ni butu, na mpini hauna pa kushika kwa mikono miwili. Halafu chuma kilikuwa haba Okinawa, kikiletwa kutoka nje kwa merikebu. Nani angeteketeza chuma cha thamani hivyo kutengeneza kijiti cha kupandia? Sai ilikuwa kifaa cha askari wa usalama. Kwa pembe zake walinasa fimbo ya mkorofi, kwa mpini wakambonyeza mshipa, wakamkamata akiwa hai. Kanagusuku Sanda, anayekumbukwa kama ufuchiku wa mwisho, yaani mkuu wa askari hao wa ufalme, anatajwa katika nasaba ya kata za sai hadi leo. Jamaa za silaha hiyo zinajulikana China, na ukienda Malaysia utaikuta kwa jina la tekpi. Ilifika Okinawa kwa njia ile ile ya hariri na vyombo vya udongo, kwa merikebu za nchi iliyokuwa na uhusiano na dunia.

Halafu zisome kata kwa majina yake. Kata ya fimbo ndefu inayojulikana kuliko nyingi ni Sakugawa no kun, fimbo ya Sakugawa. Sakugawa Kanga alikuwa mtu wa Shuri, mtumishi wa ufalme aliyesafiri hadi China. Kuna Tokumine no kun. Tokumine anakumbukwa kwa jina la Tokumine Peichin, na hilo Peichin si jina la babake, ni cheo, daraja la maofisa wa ufalme. Husimuliwa kuwa alipelekwa uhamishoni Yaeyama, na miaka mingi baadaye Kyan Chotoku, mwenyewe mtoto wa ukoo wa kiungwana, akaifuata kata hiyo huko huko kisiwani akaichukua kwa mtu aliyeirithi. Kuna Chatan Yara wa sai. Ni orodha ya maofisa, vyeo, vijiji na visiwa. Ukiisoma polepole unasoma daftari la utumishi wa dola iliyokufa. Wakulima wasio na jina, waliojifunza gizani, sijawaona humo.

Najua jibu linalokuja, na ni jibu zito, sitalikwepa. Kafi ni zana ya kazi. Mundu ni zana ya kazi. Hilo si la kubishana. Na vijijini Okinawa watu wa kawaida wamecheza fimbo kwa vizazi: katika sherehe za mavuno vijana hutoka safu mbili wakigonganisha fimbo kwa ngoma na kelele, na kila kijiji kina namna yake. Nakubali yote hayo kwa moyo mmoja. Mtu akiniambia kwamba wanakijiji walishiriki kuujenga utamaduni huu, namwambia naam, na wapewe haki yao. Ninachokataa ni kugeuza sherehe yao kuwa uasi na kazi yao kuwa maficho.

Turudi ufukweni, kwa sababu kafi la Tsuken ndilo ushahidi wangu mkubwa. Katika kata hiyo pana pahali ambapo bapa huingia mchangani na kuurusha usoni kwa adui, kisha pigo hufuata kabla hajafumbua macho. Nilidhani ni jambo la nguvu tu. Nilipojaribu mara ya kwanza mchanga mkavu wa juu ulitawanyika na upepo ukaubeba pembeni. Nikashuka karibu na maji, kwenye mchanga uliolowa, ukatoka donge zito likaanguka hatua mbili mbele. Ilinichukua misimu kadhaa kuelewa kwamba pahali pake ni mstari wa katikati, ambapo maji yameondoka saa moja au mbili zilizopita, juu pamekauka na chini bado pana unyevu. Hapo bapa linaingia kwa mshazari, kina cha vidole viwili hivi, upande uliotuna ukiwa chini. Kiganja cha nyuma kinasukuma mpini kwenda chini, cha mbele kinabaki kama mhimili, na kifundo cha mkono kinajipindua mwishoni kabisa. Mchanga unaondoka umekunjuka kama shuka linalokung'utwa, kwa kimo cha uso. Ukikosea pembe kidogo tu, kafi linakwama, na mtu aliyekwama kafi amekwisha.

Hayo yanatuambia nini? Kwamba aliyeitunga kata hii alizijua kupwa na kujaa, aliujua uzito wa kafi lenye maji na lisilo na maji, na alikuwa na muda. Alirudia, akakosea, akarekebisha, mchana, mahali peupe. Huwezi kujifunza kurusha mchanga gizani. Lazima uone ulipoangukia. Kitu kama hiki hakizaliwi usiku mmoja wa hofu. Kinazaliwa na mtu anayekipenda.

Wapo wanaosimulia kwamba Akachu alikuwa mvuvi aliyebadilika rangi kwa jua la baharini, ndiyo maana akaitwa mwekundu. Wapo wanaosema alikuwa mtu wa tabaka la juu aliyepelekwa kisiwani, akaokota kafi kwa kuwa ndilo lililokuwepo, na kulitia ufundi wa fimbo aliokuja nao. Kwangu mimi simulizi zote mbili zina heshima ambayo hadithi tamu haina, kwa sababu zote mbili zina mtu ndani. Ana kisiwa, ana rangi ya ngozi, ana mazoea yake. Ukimfanya awe "wakulima waliowapiga samurai" unamfuta. Anabaki mfano wa kuwatia moyo watoto wa mbali.

Kosa hili lilizaliwaje? Nadhani jibu liko mwaka 1879. Mwaka huo Japani iliufuta ufalme wa Ryukyu, ikamhamishia mfalme Sho Tai Tokyo na kuifanya nchi yake mkoa. Watu wa Shuri waliokuwa wakiishi kwa posho ya cheo wakakosa kazi kwa pamoja. Wengine walibaki mjini wakiuza vitu vya nyumbani kimoja kimoja. Wengine walihamia mashambani, kama walivyofanya maskini wengi wa tabaka lao tangu karne iliyotangulia, wakajenga vijiji vyao kando ya vijiji vya zamani. Mwana wa ofisa akashika jembe, mjukuu wa mwamuzi akavuta mkokoteni. Jioni, akimaliza kazi, alitoa fimbo ya babu yake akamfundisha mtoto wa jirani. Mtu aliyepita miaka thelathini baadaye aliona nini? Aliona mkulima anacheza silaha. Hakumwona ofisa ndani yake. Akaandika alichoona.

Kwa njia hiyo hiyo ufundi ukafika kwa kina Matayoshi. Matayoshi Shinko, aliyezaliwa 1888, alijifunza fimbo, kafi, mundu na sai kwa Agena wa Gushikawa, sehemu iliyo upande ule ule wa mashariki unaotazamana na Tsuken. Mwaka 1915 alizionyesha silaha hizo Tokyo. Mwanawe Shinpo ndiye aliyeziendeleza baada yake hadi alipofariki mwaka 1997, na wengi wetu tunaoshika kafi leo, hata wasiojua, tumepokea kutoka mikononi mwao au kwa mikono iliyopokea kwao.

Halafu ikaja 1945. Kati ya Aprili na Juni, vita vya Okinawa viliua zaidi ya watu 200,000, wanajeshi wa pande zote na raia wasiohesabika kirahisi. Kasri la Shuri, ambalo chini yake jeshi la Japani lilichimba makao yake makuu, liligeuzwa kifusi. Kumbukumbu za ufalme na vitabu vya koo vikateketea pamoja na wazee waliokuwa wakivijua. Okinawa ikakaa chini ya Marekani hadi 1972, na ni katika kambi za miaka hiyo ambamo vijana wa Kimarekani walijifunza karate na silaha wakarudi nazo kwao. Walibeba ufundi, na pamoja na ufundi wakabeba kisa kifupi kinachosimulika kwa dakika mbili. Sinema zikamalizia. Baada ya 1973, Bruce Lee alipozungusha vile vijiti viwili katika filamu ya Enter the Dragon, hakukuwa na mtoto mjini asiyefunga vipande vya ufagio kwa kamba. Hapo kisa cha zana za kupuria kikawa ukweli wa dunia nzima.

Siwalaumu vijana wale. Natulaumu sisi tunaofundisha tukiwa na nafasi ya kujua, kisha tunachagua kisa kwa sababu kinavuta wanafunzi. Mwalimu mmoja, mtu niliyemheshimu, aliniambia wazi nilipomletea haya: "Ukiwaambia habari za maofisa na ngome hawatarudi Jumanne." Nilinyamaza siku ile kwa adabu. Nikimjibu leo, namjibu hivi: mtoto anayerudi Jumanne kwa uongo anajifunza kwamba mtu wa mbali anapendeza akiwa maskini, hana serikali na amekasirika. Ufalme uliodumu miaka 450, uliokuwa na sheria, hati, muziki, mizinga na mabalozi, unapunguzwa kuwa kundi la watu wenye mundu. Na tunaita hiyo sifa.

Walioiokoa kata hawakuiokoa kwa ajili ya kisa. Taira Shinken, aliyezaliwa kisiwa cha Kume mwaka 1897, alizunguka kijiji kwa kijiji akikusanya kata za silaha kabla wenye nazo hawajafa, hadi zikafika arobaini na kitu. Mwaka 1955 akaanzisha chama cha kuzihifadhi, mwaka 1964 akachapa kitabu, na mwaka 1970 akafariki. Fikiria hali yake. Kasri limeungua, vitabu vimeungua. Kilichobaki ni mzee mmoja kijijini anayekumbuka mguu wa kushoto unakwenda wapi baada ya pigo la tatu. Basi mguu huo ni hati. Ukiusogeza kwa kuwa unaona hivi ni vizuri zaidi, umechana ukurasa. Kwangu hiyo ndiyo maana ya kata, na ndiyo sababu haturuhusiwi kuibadilisha. Humo mmehifadhiwa mwendo wa watu ambao karatasi zao hazipo.

Na lugha yao pia. Baada ya 1879 shule za Okinawa zilifundisha Kijapani, na mtoto aliyeponyokwa na neno la nyumbani alivishwa kibao shingoni, kikaning'inia hapo hadi amkamate mwenzake aliyeteleza. Waafrika Mashariki waliosoma shule za namna hiyo hawahitaji kuelezwa uzito wa kibao hicho. Mwaka 2009 UNESCO iliziorodhesha lugha za Ryukyu miongoni mwa lugha zilizo hatarini kutoweka. Wajukuu wengi wa waliovishwa kibao hawawezi kuongea na bibi zao. Lakini mtu anayeicheza kata yangu, awe Naha au Bagamoyo, hulazimika kutamka Chikin badala ya Tsuken, eeku badala ya neno la Kijapani, dii badala ya te. Maneno manne matano ya lugha iliyoadhibiwa yanapita mdomoni mwake kila asubuhi. Kisa cha wakulima na samurai hakihitaji hata moja kati ya hayo. Kinasimulika chote bila neno moja la Okinawa, na hapo ndipo kinaponiudhi kuliko pengine pote.

Siku hizi natamka jina kabla ya kuanza, kwa sauti. Nasimama kwenye ule mstari wa katikati, kafi limelala kwenye mkono wa kulia, nainama kidogo kuelekea baharini, nasema Chikin Akachu nu eeku dii, kisha naingia hatua ya kwanza. Watoto wanaookota chaza husimama kuangalia. Wiki iliyopita mmoja alisogea nilipomaliza, akalishika bapa, akaupapasa ule mgongo wa katikati kwa kidole gumba kama anayelijua kafi kuliko mimi, na bila shaka alilijua. Akauliza, "Anko, hili la nani?" Nikamwambia ni la Akachu, mtu wa kisiwa kinachoitwa Chikin. Akasema Akashu. Nikamwambia Akachu. Akalirudia tena, taratibu, na safari hii alilipata.